Kilima chenye Lifti

Mwaka 1994 nilikuwa kijana wa kunakili ramani kwenye ofisi ndogo ya wapima ardhi, jirani kabisa na Magogoni. Kivuko cha Kigamboni kikipiga honi, vioo vya dirisha letu vilitetemeka. Ramani zenyewe tulizifuata kwa miguu kwenye duka la ramani la serikali, Kivukoni Front. Kazi yangu ilikuwa kuzipitisha upya kontua, ile mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Kalamu ya Rotring ya 0.2 kwa mistari ya kawaida, ya 0.5 kwa kila mstari wa tano. Wino ukitapakaa unakwangua kwa wembe, taratibu, na ukizidisha karatasi inatoboka na kazi ya siku mbili inakwenda na maji.

Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kontua haikati kontua mwenzake, kijana," aliniambia. "Ukiona zimekatana, umekosea wewe, mlima haukukosea."

Kwenye karatasi zile za 1:50,000, mstari mmoja hadi mwingine ulikuwa na tofauti ya mita 20. Ukichora milima ya Uluguru, mistari inabanana mpaka macho yanauma. Ukifika katikati ya Dar es Salaam unapumzisha mkono: kuanzia Magogoni kuelekea Kariakoo karatasi ilikuwa tupu kama sinia lililooshwa. Nami niliamini hivyo hivyo, kwamba mji ni sinia. Wachuuzi wa samaki pale Feri wangenicheka. Wao walijua bamvua linapandisha maji mpaka ngazi ipi na maji mafu yanaishia wapi, na kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua ni zaidi ya mita 3. Elimu yao yote ilizama ndani ya utupu wa karatasi yangu.

Kompyuta zilipotufikia, wembe ulirudi kunyolea ndevu. Mnamo 2010 nilikuwa natumia QGIS, programu isiyouzwa, na vipimo vya mwinuko vilivyokusanywa kwa rada na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11, Februari 2000. Kuna kisanduku kidogo unachoandika tofauti ya mwinuko unayoitaka kati ya mstari na mstari. Kilikuwa na namba kubwa. Nikaifuta, nikaandika 1.

Mistari ilimiminika kwenye kioo kama dagaa kwenye wavu. Mji wangu uliokuwa sinia ukaota vilima, mabonde na visigino vya milima. Namba zikapandana, nikazipunguza. Nikaupunguza unene wa mistari, nikakoleza kahawia, nikanenepesha kila mstari wa tano kama nilivyofundishwa. Saa nzima nilikuwa narembesha, na nakiri ilipendeza. Mistari mingine ilikuwa na meno kama ya msumeno, nami nikailainisha kwa kubonyeza tu, bila kujiuliza meno yametoka wapi.

Nikampelekea mhandisi aliyekuwa anasanifu mifereji ya maji ya mvua. Akaweka kidole karibu na Mtaa wa Samora.

"Hapa pana kilima?"

"Ndiyo, mhandisi."

"Nimepita hapo asubuhi. Kilima chako kina lifti."

Rada haikuwa imeona ardhi. Iliona mapaa ya maghorofa, na vilele vya miti mikubwa ya bustani iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa. Kila nukta ya vipimo vile ilibeba eneo la mita 90 kwa 90, na mwinuko wake uliandikwa kwa mita kamili, bila nusu wala robo. Ndiyo maana mistari ilikuwa na meno. Yalikuwa yakiniambia kwamba nadai kisichokuwepo, nami nikayang'oa.

Desemba 2011 mvua zikashuka. Bonde la Msimbazi likafurika, watu wapatao 40 wakapoteza maisha, na waathirika wengi wakapewa viwanja Mabwepande. Nilifungua ramani zangu zote mbili. Ile ya mita 20 ilikuwa kimya: Jangwani kule bondeni na Kariakoo zilikuwa utupu mmoja. Ile ya mita 1 ilikuwa inapayuka. Aliyetaka kujua maji yanaingia nyumba ipi na kuiacha ipi hakupata jibu kwenye yoyote kati ya hizo mbili.

Jibu lilianza kuonekana 2015, mradi wa Ramani Huria ulipoanza kuwapeleka wanafunzi wa vyuo mitaani pamoja na wakazi kuchora nyumba, mifereji na makalavati, huku droni zikipiga picha kutoka angani. Droni nayo huona mabati, tusidanganyane. Lazima mapaa yaondolewe kwanza ndipo uchore. Lakini baada ya hapo nusu mita ina maana. Katika maeneo ya bondeni, nusu mita ndiyo tofauti kati ya kulowa miguu na kuelea kwa godoro.

Siku hizi ninaye binti mmoja ananisaidia ofisini. Mwaka jana alinijia akiwa ameng'aa: "Shikamoo mzee, njoo uone, nimeweka kontua za robo mita!" Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwomba anifungulie vipimo alivyotumia. Vilikuwa vile vile vya 2000. Sikumcheka. Nilimpeleka Feri siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, tukasimama kwenye mteremko wa kivuko na fimbo ya kupimia, tukahesabu sentimita hadi mahali maji yalipogusa zege. Alipoirudia ramani yake, mstari wake wa mita 2 ulikuwa umekaa juu ya paa la banda la samaki.

Kwa hiyo wewe unayenunua kiwanja, ukiletewa ramani yenye kontua zilizobanana kwa unadhifu, kabla hujatoa hela muulize aliyeichora: mwinuko huu umepimwa ardhini au paani?