Podo la Ngozi katika Mitaa ya Wapagazi

Wengi wetu tuendao Kariakoo kila wiki kununua vitenge, vyombo na viatu vya watoto, ni nadra kukumbuka kuwa jina la mtaa huo limetokana na watu waliobeba mizigo. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilipita katika ndimi za wenyeji likatoka likiwa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba vyakula, risasi na mahema kwa vichwa na migongo yao, na wengi walikufa kwa maradhi na uchovu kuliko waliokufa kwa risasi. Vita ikaisha, kambi ikavunjwa, jina likabaki.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu safari ninayoisimulia ilihusu mzigo, tena mdogo sana: mishale kumi na miwili mgongoni mwa binti wa miaka kumi na mitatu.

Binti huyo ni mpwa wangu. Alijifunza kulenga shabaha kwa upinde katika uwanja wa nyumbani kwao Kigamboni, akaupenda mchezo huo kwa dhati. Kisha siku moja upinde ukatundikwa ukutani, wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mama yake alipomuuliza kwa upole, alijibu kwa sauti ya chini kuwa podo linamsumbua. Lilikuwa bomba la plastiki lililonunuliwa tayari, lenye ukanda mwembamba uliopimwa kwa kifua cha mwanamume mzima. Ukanda ulimkata bega. Mdomo wa podo ulisimama nyuma ya kisogo, na kila aliponyoosha mkono kuchukua mshale, manyoya ya mishale yalinasa mtandio ukateleza. Akiinama kuokota mshale ulioanguka, mingine yote ilimwagika mbele ya wenzake. Akaona ni heri aache.

Hilo la kuacha ndilo lililotugusa. Katika hadithi alizozipokea Uqba bin Amir (r.a.), zilizomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) amehimiza kulenga shabaha, na amemuonya vikali mwenye kujifunza kisha akaacha. Wala jambo hili si la wavulana peke yao. Wanahistoria wa Sira wanamtaja Nusayba bint Kaab, Ummu Umara (r.a.), aliyesimama kumkinga Mtume (s.a.w.) katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, kwa upanga na kwa upinde. Haikuwa haki binti aikose elimu hiyo kwa sababu ya ukanda mbaya. Basi Jumamosi moja, mimi, dada yangu na binti yake tukavuka kwa kivuko kwenda kumtafuta fundi wa ngozi.

Kutoka Kivukoni tulikwenda kwa miguu. Tulipita kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawakumbuka askari wa Kiafrika pamoja na wapagazi. Kutoka hapo tukashika mitaa ya katikati ya mji, Jamhuri na Kitumbini, yenye maduka ya vitambaa na vifaa vya umeme, hadi Mnazi Mmoja. Uwanja huu wa wazi uliwahi kuutenga mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika. Leo unavukwa kwa dakika chache, na mara unajikuta Mtaa wa Uhuru, katikati ya majora ya khanga, kelele za wapiga debe na vijana wenye mikokoteni wakiomba njia.

Yeyote anayetaka kujua namna ya kubeba mzigo na asimame Kariakoo nusu saa. Mbeba gunia haanzi na gunia, huanza na ngata: huikunja, huijaribu, huigeuza, ndipo huomba atwikwe. Mzigo uliokaa vizuri huwa mwepesi kuliko uzito wake, na uliokaa vibaya huumiza hata ukiwa kilo mbili. Kanuni ya podo ni hiyo hiyo.

Tulianza kwa kutafuta ngozi. Madukani zipo za namna nyingi, na mnunuzi Muislamu ana mambo mawili ya kuyatazama. La kwanza ni mnyama mwenyewe. Ngozi ya nguruwe huuzwa duniani kwa mikoba na bitana za viatu, na alama yake huonekana kwa macho: vinyweleo vyake hukaa vitatu vitatu, kama pembe tatu ndogo. Ya ng'ombe na ya mbuzi haina mpangilio huo. La pili ni namna ilivyodabighiwa. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa za kromiamu ni laini na hunyumbulika, na ukiikata, ndani yake mara nyingi huwa na rangi ya kijivu yenye ubuluu. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti ni ya hudhurungi, ni ngumu zaidi, na tone la maji likianguka juu yake hunyonywa likaacha doa jeusi. Nchi yetu si ngeni katika elimu hii. Magome ya mikandaa kutoka delta ya Rufiji yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo, na huko Njombe mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, yalipandwa kwa ajili ya magome yake.

Tulichagua ngozi ya ng'ombe ya magome, unene wa milimita tatu hivi, kwa sababu hukubali umbo ikiloweshwa na hulishika ikikauka.

Fundi tulimpata barazani, katika mtaa usio mbali na soko. Ni mzee mwenye kofia ya viua, mshonaji wa makubadhi, yale ambayo baba zetu walivaa na kanzu siku ya Ijumaa. Podo alikuwa hajawahi kushona. Akalishika lile la plastiki, akaligeuza, akasema, "Hili halikushonewa mtu. Limetengenezewa mishale tu." Kisha akamwambia binti, "Vaa, mwanangu, nione linavyokuumiza."

Ilipofika saa ya kupima, mzee alimpa dada yangu futikamba. "Mama, pima wewe, mimi nitaandika." Akageuka kando akitaja sehemu moja baada ya nyingine: kutoka juu ya bega la kulia kupita kifuani hadi ubavuni kushoto, kutoka hapo kupita mgongoni kurudi begani, upana wa bega, kiuno juu ya gauni. Akataka pia urefu wa mshale, akaukuta sentimita 65. Kwa hiyo kina cha podo kikawa sentimita 48, ili mishale ichomoze kiasi cha kushikika na manyoya yake yasisuguane na ngozi.

Alikata kipande kimoja chenye umbo la kanzu ya mtoto: juu sentimita 40, chini sentimita 30. Kikikunjwa na kuungwa huwa mfuko mpana mdomoni na mwembamba chini. Akatia kitako cha duara, na ndani ya kitako akabandika kipande cha ngozi ya kondoo yenye sufi yake. Sufi hiyo huzuia chembe za mishale zisitoboe ngozi na huzima kelele, maana podo linalogongagonga humchosha mpigaji na kumtoa katika utulivu.

Ushonaji wake ni wa kutazamwa. Kwanza alitoboa matundu kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mti, kwa nafasi ya nusu sentimita. Kisha akachukua uzi mmoja uliosuguliwa nta, wenye sindano kila upande, na sindano zote mbili zikapishana katika tundu moja. Cherehani haishoni hivyo. Mshono wa mashine ukikatika sehemu moja huweza kufumuka wote, lakini huu ukikatika, uzi wa upande wa pili hubaki umeshika. Alipomaliza aliilowesha ngozi kidogo, akaivalisha kwenye gogo lililochongwa, akaiacha kivulini. Jua la Dar es Salaam, alituonya, huikausha ngozi upesi mno ikapasuka.

Tuliporudi wiki iliyofuata kazi iliyobaki ilikuwa mikanda, na hapo ndipo raha au taabu ya podo ilipo. Ukanda mkuu aliufanya mpana sentimita tano pale unapolala begani, ukipungua hadi tatu kwenye ncha, na chini ya sehemu ya bega akashonea sufi. Ukanda huo hushika podo karibu na mdomo na ubavuni chini, na mahali pa kushikia ndipo panapoamua mlalo wake. Aliufunga kwa uzi wa muda kwanza, akamwambia binti atembee hadi mwisho wa baraza na kurudi. Akashusha mdomo wa podo vidole vinne chini ya bega na kuuelekeza nje, mbali na kisogo. Sasa mkono ulipokwenda kuchukua mshale ulipita nyuma ya bega, haukupita tena nyuma ya kichwa, na mtandio haukuguswa.

Akaongeza ukanda wa pili, mwembamba, unaotoka karibu na kitako na kuzunguka kiuno. Huo ndio unaozuia podo lisiyumbe, na podo lisipoyumba ukanda wa juu hauburuti nguo. Bizimu aliiweka mgongoni, kwa kuwa chuma kikikaa kifuani, upote wa upinde unaweza kukinasa unapoachiwa. Mwisho akasugua kingo zote kwa kipande cha mti na nta mpaka zikateleza, zisichane kitambaa cha ushungi.

"Inama," akasema. Binti akainama, mishale ikabaki. "Kimbia." Akakimbia hatua kumi pale barazani, wapita njia wakimtazama. "Inauma wapi?" Akafikiri, akasema bega halina neno, ila kiunoni panabana. Mzee akafungua tundu moja mbele, akatoboa na mengine matatu ya akiba. "Utakua," akamwambia.

Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa katika misikiti ya jirani. Mzee alifunika zana zake kwa kitambaa akatuomba tusubiri. Nilitazama lile baraza. Mbele yake kulikuwa na rundo la viatu vya plastiki vilivyoshuka kutoka kwenye makontena, bei yake ndogo kuliko gharama ya ngozi ya jozi moja ya makubadhi. Soko kuu, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021 na likajengwa upya, kwa kuwa jengo laweza kujengwa tena likiwapo fedha. Lakini aliporudi kutoka kuswali nilimuuliza nani anajifunza kwake. Akajibu kuwa vijana huja, hukaa mwezi, kisha huenda kuuza simu. Alisema bila kulalamika, huku akikusanya vipande vya ngozi vilivyobaki na kumpa binti yule avitumie kujizoeza kutoboa.

Wazazi wanaotaka watoto wao wawe na podo jema wanaweza kwenda kwa fundi viatu yeyote mwenye msharasi na subira. Wachukue mshale mmoja wa mtoto kwa ajili ya kipimo, na mtoto mwenyewe avae nguo anayoivaa akifanya mazoezi. Wasikubali kulipokea kabla hajainama na kukimbia nalo. Nyumbani lipakwe mafuta ya ngozi kidogo kila baada ya miezi michache, litundikwe penye hewa, wala lisifungiwe kabatini wakati wa masika, kwani ukungu huila ngozi kama kutu inavyokula chuma.

Mpwa wangu hulenga shabaha tena, Jumamosi asubuhi. Amekwisha kutoboa vile vipande vyote alivyopewa na sasa anaulizia msharasi unauzwa wapi. Mama yake amemwambia tutarudi Kariakoo, amuulize mzee mwenyewe.