Si volkano iliyoangusha etajeri yetu



Tunataka kuwaelezea jambo dogo lililotokea kwetu nyumbani, hapa Goma. Labda wengine watasema: habari ya etajeri na misumari inatafuta nini katika gazeti la masomo? Tunawaomba msome mpaka mwisho, kisha mtatuhukumu.

Sisi ni mapasa. Tunalala chumba kimoja, tunasoma darasa moja, na makosa vilevile tunayafanya wawili. Nyumba yetu ni ya mbao kama nyumba nyingi za mji huu. Inje ni planshi, ndani ni tripleksi iliyopakwa rangi. Katikati ya planshi na tripleksi hakuna kitu, ni hewa na panya tu, isipokuwa zile shevroni zinazosimama na kubeba nyumba. Lakini ukiutazama ukuta kwa macho, ni mmoja, safi, sawasawa toka kona mpaka kona. Hauonyeshi mahali penye nguvu na mahali patupu.

Mwezi wa 4 mwaka 2021 Mama alinunua etajeri ya mbao ngumu, ya tabaka tatu, ya kuwekea masahani, vikombe na sufuria. Baba alikuwa safarini. Mama akatuita: "Batoto, muitundike mu chumba yenu, juu kule mu jikoni moshi itaharibu byombo. Lakini mutafute shevroni kwanza, vile muzee fundi alisemaka." Tukaitika: "Ndiyo, Mama." Naye akaenda sokoni.

Siku ile tulikuwa na mpira saa tisa. Tuligonga ukuta mara mbili tatu, hatukusikia tofauti, tukachoka. Tukaambiana: tukipiga misumari mingi, itashika tu. Tukapiga nane, ya sentimita sita, yote katika tripleksi tupu. Mama aliporudi aliuliza: "Mulipata shevroni?" Tukajibu kwa sauti moja: "Tulipata." Lilikuwa neno moja tu, tena tulilisema bila haya.

Etajeri ikashika. Ikamaliza juma la kwanza, ikamaliza mwezi. Hiyo ndiyo iliyotudanganya zaidi, maana tulianza kufikiri ya kuwa hatukusema uongo. Na chini yake kabisa ilikuwa matera ya mdogo wetu, mtoto wa miaka ine.

Kisha ikafika ile Jumamosi ya tarehe 22 mwezi wa 5, wakati Nyiragongo ilipolipuka jioni. Tulikimbia usiku pamoja na watu wengine. Kesho yake tukarudi, sababu lava ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, haikufika kwetu. Lakini udongo haukutulia. Siku zilizofuata ulitetemeka mara nyingi, mchana na usiku, hata watu wengi waliogopa kulala ndani. Mama vilevile akatutolea matera zote inje.

Usiku mmoja tetemeko likapita, wala halikuwa kubwa kushinda mengine, tukasikia ndani ya nyumba kishindo na masahani yanavunjika. Asubuhi tukaingia na Mama. Etajeri ilikuwa chini, mahali pa matera ya mdogo wetu. Sufuria kubwa ilikuwa pale anapowekaka kichwa.

Majirani wote walisema: "Ni volkano." Mama naye akasema: "Ni volkano, tumushukuru Mungu juu hatukukuwa ndani." Sisi tukainamisha macho tukaokota vipande vya masahani. Volkano haina kinywa cha kujitetea.

Tarehe 27 serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji iondoke. Tukashika njia ya Sake kwa miguu, zaidi ya kilometa 20. Tulimbeba mdogo wetu mgongoni kwa zamu. Alikuwa analala, kichwa chake kinagonga bega letu. Kila mmoja wetu alipompokea kwa mwenzake aliwaza jambo lile lile, lakini hatukusemezana. Mzigo wa nguo ulikuwa mzito, lakini ule wa mgongoni ndio uliotushinda.

Tuliporudi nyumbani, Mama akamwita muzee fundi, ambaye ni mzee wa kanisa vilevile, aangalie kama nyumba ilipinda. Akazunguka chumba kwa chumba. Akatazama saa ya ukuta ya Baba, akatazama kioo kikubwa cha Mama. Kisha akafika mbele ya matundu yetu nane. Akaingiza kijiti katika moja, kikaenda chote. Akauliza taratibu: "Saa iko palepale, kioo iko palepale. Basi ile volkano inachaguaka?"

Hapo tukasema yote. Mama alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema tu: "Mutoto angelikuwa pale." Afadhali angetupiga.

Muzee fundi hakuongeza maneno ya kutusuta. Alituketisha, akatufundisha, na yale aliyotufundisha tunayaandika hapa, labda yatamsaidia mmoja wenu.

Kwanza, tripleksi ya ukuta wetu ina milimita ine tu. Msumari hata ukiwa mrefu namna gani, unashikwa na zile milimita ine, urefu mwingine unaning'inia katika hewa. Misumari nane ndani ya hewa haifikii visi mbili ndani ya mti.

Pili, kitu kizito hakivuti kwenda chini tu, kinavuta vilevile kuja mbele. Etajeri yenye upana wa sentimita 30 inaegemea ukuta kwa chini, na kwa juu inataka kung'oka. Ndiyo maana kioo ambacho kimelala juu ya ukuta hakisumbui sana kama etajeri, hata kama uzito ni mmoja. Msumari wa juu ndio unaoteswa, na kila tetemeko linauvuta kidogo.

Tatu, shevroni inatafutika. Tripleksi nzima ina upana wa metre 1 na sentimita 22. Mahali vipande viwili vinapokutana, lazima kuwe shevroni nyuma yake, kama sivyo fundi angepigilia wapi? Toka pale upime karibu sentimita 60, mara nyingi utapata ingine. Tazama vichwa vya misumari ya tripleksi, vinapanga mstari toka juu mpaka chini. Gonga kwa kidole: penye utupu panalia kama ngoma, penye mti panajibu kwa ufupi. Ukidhani umepata, hakikisha kwa msumari mwembamba. Ukizama ghafla, hapana kitu. Ukiendelea kukaza, ni mti.

Ine, kwanza ufunge ubao mmoja wa kulala, unaopita juu ya shevroni mbili ao tatu, kisha etajeri ishikwe juu ya ubao ule. Weka ubao mwingine kwa chini, ambao etajeri itakalia. Kwetu ubao ni wa sentimita mbili na nusu, basi tulitumia visi za sentimita saba, ili kama ine ziingie katika shevroni yenyewe. Toboa tundu dogo mbele ya kukaza visi, mti usipasuke. Vyombo vizito vikae tabaka la chini. Na usitundike kitu kizito juu ya mahali mtu analalaka, hata kama umepata shevroni.

Alipomaliza akatuuliza kama tumesoma Isaya sura ya 22. Hatukukumbuka. Akatueleza habari ya ule msumari uliopigiliwa mahali palipodhaniwa kuwa imara, hata vyombo vyote vya nyumba, vidogo na vikubwa, vikatundikwa juu yake, na siku moja ukatoka, mzigo wote ukaanguka. Akasema: "Hapa Goma sisi wote tumejenga juu ya mwamba, hakuna udongo mwingine. Lakini mwamba ya chini haishike musumari ya juu."

Tukaitundika upya, ukuta mwingine, mbali na vitanda. Kwa mizani ya sokoni, etajeri na vyombo vyake ilikuwa kilo 18. Litre moja ya maji ni kilo moja, basi tukaweka juu yake bidoni mbili za litre 20, zimejaa, ni kusema kilo 40 na zaidi. Tukaziacha usiku kucha, watu wote wakalala chumba kingine. Asubuhi etajeri haikusogea hata kidogo.

Mama akaja na masahani yaliyobaki. Akauliza kama siku ile ya kwanza: "Mulipata shevroni?" Hatukujibu. Tulimpa nyundo agonge mwenyewe, asikie.