Vijiti vikileta damu isiyokoma, swala inaswihi?

Mwanamke anayewekewa vijiti vya uzazi wa mpango huambiwa mambo mengi kabla hajatoka chumba cha muuguzi. Huambiwa vitakaa miaka 3 au 5 kutegemea aina yake, kidonda kisiingie maji kwa siku chache, na hedhi inaweza kubadilika: ikakoma kabisa, ikaja matone matone, au ikaendelea kwa wiki kadhaa. "Usiogope mama, ni kawaida." Kama ni Mwislamu, kuna jambo moja ambalo haambiwi, na kwa kweli si kazi ya muuguzi kulisema. Damu hiyo ikiendelea, aswali au asiswali?

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nimelisikia swali hili mara nyingi kwenye mabenchi ya kliniki, na karibu mara zote kwa sauti ya chini. Wengine hawaliulizi popote. Anaacha swala, anaacha kufunga, anasubiri ikatike. Isipokatika, wapo wanaorudi kuvitoa vijiti, na ukimuuliza sababu hakutajii maumivu wala uzito. Anakwambia amechoka kukaa bila swala.

Naliandika leo kwa sababu limefika nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa, anayeishi Tanga, aliweka vijiti mtoto wake wa tatu alipoacha kunyonya. Miezi miwili baadaye hedhi yake ilianza katika tarehe zake za kila mwezi, siku 3 kabla ya Ramadhani, na damu ikaendelea kwa siku 27. Tangu usichana wake ada yake ni siku 6. Mwezi ule akawa anapika futari ya nyumba nzima, na yeye mwenyewe hafungi. Alirudi kituoni, akajibiwa itaisha yenyewe. Aliponipigia simu nilimweleza habari za homoni, jinsi ukuta wa mfuko wa uzazi unavyokuwa mwembamba na kumwaga damu bila mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa, mdogo wangu. Sasa swala zangu je?"

Hilo lilikuwa swali la wenye elimu yake. Alilipeleka kwa ustadha aliyetusomesha madrasa tulipokuwa wadogo, nami nikawa nasikiliza kwenye simu. Swali la kwanza la ustadha lilikuwa, "Mwanangu, ada yako ni siku ngapi?" La pili, "Damu ya mwanzo na hii ya sasa zinafanana?" Nikatabasamu peke yangu, maana daktari wa wanawake naye huanza na maswali hayohayo.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hedhi haipungui usiku na mchana mmoja, na haizidi siku 15. Kwa Hanafi mwisho wake ni siku 10. Damu ikivuka kiwango hicho, ndani yake imechanganyika hedhi na damu nyingine, nayo huitwa istihadha. Kwa Shafi mwanamke ataangalia kwanza kama damu zinatofautiana kwa rangi na uzito. Zikifanana, kama zilivyofanana za dada, anarudi kwenye ada yake. Siku zake 6 zilikuwa hedhi. Siku 21 zilizobaki zilikuwa istihadha, na mwenye istihadha hukumu yake ni ya mtu twahara: anaswali na anafunga.

Ustadha akampigia hesabu taratibu. Kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumtokea, hakuwa na lawama kusubiri hadi siku ya 15, kwani hedhi huweza kufika huko. Siku hiyo ilipopita na damu bado ipo, alitakiwa kuoga josho, kuanza kuswali na kufunga, na kuzilipa zile siku 9 za katikati. Yeye aliacha zote. Saumu alikuwa anajua atazilipa, kwani hata mwenye hedhi huzilipa. Kilichomkata maini ni swala. Swala za siku za hedhi hazilipwi, na yeye alidhani zote ni za hedhi. Siku 21 kwa faradhi 5 ni swala 105. Dada alinyamaza kwa muda kwenye simu. Ustadha akamtuliza, akamwambia wapo wanazuoni waliomsamehe aliyeacha kwa kutojua, ila kwa madhehebu yetu azilipe, na asijibebeshe zote kwa siku moja. Sasa kila baada ya faradhi anaswali moja ya kulipa.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko vijiti. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Fatima bint Abi Hubaish, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) na kumweleza kwamba damu haimkatiki, hatwahariki, je, aache swala? Alijibiwa kwamba asiache, kwani ile ilitoka kwenye mshipa na haikuwa hedhi. Siku za hedhi zikija aache swala, zikipita ajisafishe damu na aswali. Bibi yule aliuliza waziwazi, akajibiwa waziwazi, wala hakuambiwa kuwa ameuliza jambo la aibu. Sisi wajukuu wa madrasa zilezile ndio tunaonong'ona.

Namna ya kuswali si ngumu ukishaijua. Siku za hedhi zikiisha, mwanamke anaoga josho lake. Baada ya hapo, kila wakati wa faradhi ukiingia, anajisafisha, anaweka pedi au kitambaa safi na kukifunga vizuri, anatia udhu, kisha anaswali bila kuchelewa. Damu ikitoka katikati ya swala, swala haiharibiki. Kwa faradhi inayofuata anarudia vivyo hivyo, na kwa udhu mmoja anaweza kuswali sunna anazotaka. Mzee aliyewekewa mpira wa mkojo na mama mwenye fistula nao wamo katika mlango huu wa wenye udhuru wa kudumu. Wote hawa wapo ambao wameweka msala kabatini wakidhani hauwahusu tena.

Na waume wasome hapa. Wanazuoni walio wengi hawamzuii mume na mkewe katika siku za istihadha. Nyumba nyingine zimeingia baridi ya miezi kwa jambo ambalo watu wawili wangeliuliza jioni moja.

Sasa niseme la upande wangu. Kujua kwamba swala yako inaswihi hakukuondolei safari ya hospitali. Damu ya vijiti mara nyingi haina hatari, na kuna dawa za muda ambazo mtoa huduma anaweza kukuandikia, kwa hiyo usikubali kuambiwa "ni kawaida" tu ukarudi nyumbani. Ukilowesha pedi nzima kila saa, ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, nenda siku hiyohiyo. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au inayorudi baada ya hedhi kukoma kwa umri, ichunguzwe hata kama ni tone, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi au ya mfuko wa uzazi. Ustadha naye alimwambia dada, kabla hajakata simu, arudi akapimwe wingi wa damu.

Kama una binti au mke anayefikiria vijiti, sindano au kitanzi, mnunulie kalenda ndogo. Aandike siku damu ilipoanza, ilipokatika, rangi yake na idadi ya pedi. Aanze miezi michache kabla ya kuweka, ili ada yake ijulikane. Daktari ataitaka karatasi hiyo, na ustadha pia ataitaka. Dada yangu alizikumbuka siku zake 6 kwa sababu mama alitufundisha kuzihesabu. Asiyezikumbuka ana kazi kubwa zaidi, na kwake hukumu ina maelezo marefu kuliko nafasi ya ukurasa huu. Aende kwa mwenye elimu mapema, asisubiri swala zifike 105.