Udzungwa: Msitu Ukinyamaza, Jiulize

Mume wangu alitaka wikiendi isiyo na simu wala foleni za Dar. Nikachagua Udzungwa. Pale Mikumi mjini tukakata kushoto kuelekea Ifakara, usiku tukalala Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi hii ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992.

Asubuhi tukapanda kwenda maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170. Jamani, kelele! Mbega wekundu wanaruka juu ya vichwa vyetu, matawi yanalia. Mume wangu akaninong'oneza, "Mama Neema, hapa hata tukigombana hatusikiki."

Nikamwambia kiongozi wetu kwamba nilikuja kutafuta utulivu. Akacheka. "Dada, msitu ukinyamaza si dalili nzuri."

Akatusimulia habari za Uzungwa Scarp, msitu ulio kusini mwa milima hiihii. Ukiutazama kwa mbali, kijani kitupu. Ila kwa miaka mingi haukuwa na ulinzi kama wa hifadhi ya taifa; watu waliingia na nyaya za kutegea, mbwa na mashoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mbega wamepungua vibaya kule, wakati huku kwetu walikuwa wanaendelea vizuri. Kima walihimili zaidi, kwani wao hawachagui sana chakula. Mbega anategemea miti mikubwa na huzaa mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo kundi likishapigwa halirudi upesi. Yaani miti inabaki imesimama, wenye nyumba wameondoka.

"Sasa nyama yote hiyo wanakula nani?" mume wangu akauliza.

"Wateja, kaka."

Tukatazamana. Mwaka juzi yeye alileta nyama pori nyumbani, mimi nikaipika kwa nazi. Wageni wakasifia. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi, hata mimi.

Akina mama wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walikatazwa kuokota kuni humo tangu mwaka 2011. Wao wameshalipa gharama ya msitu huu, jikoni kwao kila siku. Sisi wa mjini tumelipa nini zaidi ya kiingilio?

Tukiwa njiani kurudi, kijana mmoja akatuinulia kiroba kando ya barabara. Mume wangu akapunguza mwendo kwa mazoea, akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akakanyaga mafuta.

Mpenzi msomaji, mpeleke mwenzako Udzungwa. Mkirudi, anzieni kwenye sufuria yenu.