Brooklyn Hawakuandika Majina

Ukikuta jezi ya besiboli imeandikwa Brooklyn mbele na Robinson mgongoni, hiyo si ya miaka ya hamsini, hata iwe imepauka vipi. Dodgers walihama Brooklyn kwenda Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Timu ya kwanza ya ligi kuu ya Marekani kuweka majina ya wachezaji mgongoni ilikuwa Chicago White Sox, mwaka 1960. Jackie Robinson, aliyeingia ligi hiyo 1947, alicheza na namba 42 tu. Jina liliongezwa na mfanyabiashara.

Hesabu kama hizi ndizo zinanilipia nyumba. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, na tangu hapo naandikia yeyote anayelipa, halafu nauza jezi mtandaoni. Nazitoa Gikomba. Za Arsenal zina wenyewe, bei iko juu. Za besiboli hutupwa kwa rundo la mashati, maana nani anazijua?

Naanza na kitambaa. Jezi za wachezaji zilikuwa flaneli ya sufu hadi 1970, mwaka ambao Pittsburgh Pirates walihamia uwanja mpya na jezi za poliesta zinazovutika, hazina vifungo, unazipitisha kichwani. Miaka michache baadaye sufu ilikuwa imeisha ligi nzima. Kama umewahi kukaa ndani ya matatu saa saba mchana na sweta ya shule, hutauliza kwa nini.

Halafu lebo. Sheria ya Marekani ilidai maelezo ya kufua yashonwe kwenye nguo kuanzia 1972. Mwaka 1997 wakaruhusu vichoro peke yake, beseni na pasi, bila maneno. Kwa hivyo vichoro vitupu ni nguo ya juzi. Na hadi 1984 nguo iliyoshonwa Marekani kwenyewe haikulazimika kutaja nchi. Ila kuna watu mtandaoni wanaapa kwamba namba ya RN inakupa mwaka. Haikupi. Hiyo ni namba ya usajili wa kampuni, na kampuni inaweza kuitumia miaka arobaini. Kuchakaa nako kusikudanganye. Jezi ya 2005 iliyochezewa kila siku inazeeka kuliko ya babu iliyolala sandukuni.

Faida yangu yote ilikuwa kwenye pengo kati ya asiyejua na anayejua. Mathe ninayenunua kwake alikuwa akiuza mitumba kabla sijazaliwa. Siku moja akaniuliza, “Kijana, mbona wewe huangalia shingo kuliko shati?”

Nikanyamaza. Kodi ilikuwa imechelewa wiki mbili, na jibu lilikuwa ndiyo biashara yangu. Lakini robota analinunua yeye, limefungwa, hajui kilichomo. Likitoka na makoti yaliyoraruka, hasara ni yake. Mimi huja na mia mbili na macho.

Nikamwonyesha. Lebo, miaka, vichoro, yote. Hakuandika popote. Alichonirudishia sikuwa nimekisoma mahali: alifunga macho, akasugua kitambaa kati ya vidole, akaniambia hii sufu, hii inajifanya sufu. Akanionyesha pia ukingo wa poliesta ya zamani ulipokatwa. Haujikunji kama wa fulana. Inafumwa mara mbili, alisema, ndiyo maana inatulia.

Sasa jezi za besiboli hazifiki kwenye rundo. Zinaning'inia nyuma ya kibanda, na si mimi peke yangu ninayeonyeshwa. Kuna jamaa mwingine, simjui, ila anakuja mapema kuniliko.

Wiki jana alinitolea ya kijivu, rangi ambayo timu huvaa zikicheza ugenini. Haina vifungo. Lebo ilikuwa nzima, na alikuwa ameshaigeuza nje. Maelezo ya kufua yapo, kwa maneno. Nchi haipo.

“Hii ni kati ya sabini na mbili na themanini na nne,” akasema. “Elfu moja.”

“Mathe, mia sita.”

Akaanza kuikunja.

Nililipa mia tisa.