Kitako cha Ganda

Tuliondoka Voi kabla jua halijapanda. Tukaipita Mwatate, tukaipita Bura, na baada ya Maktau Kilimanjaro ikatokeza mbele yetu, wazi hadi kwenye theluji. Safari yenyewe iliishia kidogo kabla ya Taveta, kwenye kilima cha Salaita, uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ukikitazama kutoka barabarani hakitishi hata kidogo.

Nilikuwa sijawahi kushika mashine ya kusakia vyuma. Mzee aliyetuongoza, mwenyeji wa huko, alinivisha vipokea sauti kisha akanionya mambo mawili. Kibali ni cha kiongozi wa msafara, kwa hiyo hakuna kutia kitu mfukoni. Sheria ya turathi ya mwaka 2006 iko wazi. Na nikikuta kitu kikubwa chenye umbo la chupa, nirudi nyuma nimwite. "Usikiguse, mwalimu. Vita vimekwisha, lakini baruti haina habari."

Saa nzima nilifukua vizibo vya soda na misumari. Ndipo ukaja mlio wa namna nyingine, mwembamba, safi, unaorudi palepale kila nilipopitisha sahani. Nikapiga magoti nikachimba kwa mwiko, kina cha kiganja. Ganda la risasi, limeota kutu ya kijani. Nililifuta kitakoni kwa kidole chenye mate, na herufi zikajitokeza: K, kisha VII.

"Mzee, mwaka wa saba!"

Akatikisa kichwa. VII ni toleo la risasi, si mwaka. K ni Kynoch, kiwanda cha Birmingham. Akaushika ukucha wangu akaupitisha kwenye ukingo uliotokeza kitakoni: hiyo ni .303, ya Mwingereza. Ganda la Mauser mpya ya Mjerumani halina ukingo, lina mfereji tu. Tangu hapo niliyatambua kwa ukucha hata kabla ya kuyapangusa.

Kileleni mashine haikunyamaza. Vipande vya makombora vyenye kingo kali, na gololi za risasi, risasi ile metali yenyewe. Nikaamini kwamba hapo ndipo Wajerumani walipoangamia. Mzee hakusema neno. Aliniteremsha hadi chini ya kilima, kwenye mkunjo wa ardhi ambao ningeuvuka bila kuuona. Handaki. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikiponda kilele, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa huku chini. Vijana wa Afrika Kusini, wageni kabisa katika vita hivi, walitembea hadi mbele ya bunduki zilizokuwa nzima. Waliporudi nyuma, waliowakinga ni Wabaluchi wa kikosi cha 130, kutoka India.

Mle handakini nilipata ganda nililolishika muda mrefu kuliko yote. Nene, kitako kipana kama ukucha wa dole gumba: milimita 11, la bunduki ya mtindo wa 1871. Baruti yake ilitoa moshi mzito. Askari Mwafrika aliyelala hapa, akifyatua kwa amri ya Mjerumani, alijua kwamba kila risasi inatoka na wingu la kumwonyesha alipo.

Nikamwuliza Mzee kuhusu wapagazi. Wao ndio waliobeba chakula na risasi za pande zote mbili, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la kikosi cha wapagazi wa Mwingereza limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mbona siku nzima hatukupata kitu chao hata kimoja?

Alikuwa akiandika nambari kwenye bahasha ya ganda lile. Alimaliza kwanza.

"Babu yangu alikuwa mmoja wao," akasema. "Alirudi na blanketi moja. Ndilo tulilomzikia."