Mtoto wa Kiislamu na Kazi ya Kuchora

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola aliyeiapia kalamu katika Kitabu Chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu huku kwetu Shinyanga na Geita liko swali ambalo wazazi hulijibu kwa hasira na vijana hulipokea kwa kimya: je, yafaa mtoto wa Kiislamu kujifunza kuchora? Wako wasemao kuwa kuchora kote ni haramu, na maneno yakaishia hapo. Wako pia wasemao kuwa makatazo yalikuwa ya watu wa zamani, na leo kila kitu ni halali. Sisi tulio walimu wa chuo twaona kuwa makundi yote mawili yamekwepa taabu ya kutazama, na jambo lisilotazamwa haliwezi kuhukumiwa.

Tumelazimika kulitazama kwa ajili ya kijana mmoja aliyehitimu Msahafu chuoni kwetu. Jina lake hatulitaji. Baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Yeye mwenyewe alikwenda pwani kujifunza sanaa. Aliporudi likizo alikuja na furushi la karatasi, na baba yake akaamuru lichomwe moto. Mama yake akalifunga katika kanga akatuletea, akisema, “Maalim, tazama kwanza. Ukisema ni haramu, nitalichoma kwa mkono wangu.”

Basi tulitazama, na kijana tukamwita atueleze. Rangi za dukani zilimshinda kwa bei, kwa hiyo alianza kujaribu kwa vitu vya kwetu. Alichukua udongo mweusi wa mbuga, na mweupe wa luseni, na mwekundu wa kichuguu. Kila mmoja aliutwanga peke yake, akauloweka, akaukoroga, kisha akayamimina maji ya juu katika chombo kingine na kuuacha mchanga chini. Maji yale yalituama usiku kucha, na asubuhi akapata udongo laini kama unga. Hapo tukatambua jambo: hii ndiyo kazi ya baba yake ya kuosha dhahabu, ila imegeuzwa. Mwosha dhahabu hushika kilicho kizito, akaacha chepesi kiende na maji. Mchoraji hushika chepesi, akaacha kizito.

Mara ya kwanza aliupaka udongo kwa maji matupu, nao ulipokauka ukapukutika. Akajaribu uji wa muhogo, ukashika, lakini mende wakautafuna. Akajaribu kiini cha yai, ukashika vizuri, ila harufu ikakaa siku nyingi. Mwisho alitia gundi ya mgunga, ikatosha. Tulimweleza kuwa gundi hiyo ndiyo iliyotiwa tangu zamani katika wino wa masizi, wino ambao kwao Misahafu iliandikwa, naye akacheka kwa furaha. Juu ya udongo huo alibandika vipande vya gunia la pamba, na makapi ya mpunga, na karatasi za magazeti, akachora kwa makaa miamba ya Shinyanga, na mibuyu, na ngitili zilizohifadhiwa na wazee. Lakini zilikuwamo pia karatasi chache zenye watu wakishuka katika duara, na hizo ndizo zilizomkasirisha baba.

Sasa tuje kwenye hukumu, nasi twaanza na makatazo, kwa kuwa hayafai kufichwa. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim yamo maonyo makali juu ya wenye kufanyiza sura za viumbe wenye roho, kuwa Siku ya Kiyama watatakiwa kuzitia uhai na hawataweza. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Kishafii aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa kuchora mnyama au mtu ni haramu, iwe nguoni au ukutani. Lakini kuchora mti na mfano wake si haramu. Wako wanavyuoni wengine, hasa katika Wamaliki, waliotofautisha sanamu yenye kivuli na mchoro usio na kivuli, wakauona huo wa pili kuwa ni wa kuchukiza tu. Na katika zama za karibu, Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri aliyefariki mwaka 1905, aliona kuwa mchoro ukiwa wa kuhifadhi elimu, wala hauogopewi kuabudiwa, una faida. Hii ni khitilafu ya watu wa elimu. Mwenye kushika kauli ya madhehebu yake amejiweka mahali pa salama, wala asimtukane mwenzake.

Lakini wazazi wengi wanaotoa Hadithi ya makatazo hawaisomi mpaka mwisho. Mtu mmoja alimjia Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, yaani kutengeneza picha. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume, na mtu yule akabadilika rangi kwa hofu. Je, alimwacha katika hofu ile? La. Alimwonyesha mlango: kama hana budi kuchora, basi achore miti na kila kisicho na roho. Huo ndio ufundishaji. Alimkataza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamfungulia njia ya kula.

Na liko jambo kubwa zaidi ambalo wengi wamelisahau. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alichora ili kufundisha. Bukhari amepokea kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kuwa Mtume aliwachorea sahaba mraba, akapiga mstari katikati uliotokeza nje ya mraba, kisha akapiga mistari midogo ubavuni mwa ule wa katikati. Akawaeleza kuwa mstari wa ndani ni mwanadamu, mraba ni ajali yake iliyomzunguka, kile kilichotokeza nje ni matumaini yake, na mistari midogo ni misiba: ukimkosa huu, humpata huu. Nani atakayesema tena kuwa mchoro wa kueleza elimu hauna asili katika dini?

Waislamu waliotangulia walilifahamu hilo. Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyekufa karibu na mwaka 1013, alichora katika kitabu chake vyombo vya upasuaji, ili tabibu wa mbali avione kabla ya kuvifua. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, mafundi wa karne ya 18 na ya 19 waliandika Misahafu wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano.

Na hapa Usukumani, Bayeye, watu wa chama cha wacheza nyoka, walipaka kuta za nyumba zao kwa rangi za ardhi. Hans Cory alitoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Mambo yao ya uganga tuyaache. Lakini ujuzi wa kutoa rangi katika udongo ni neema ya Mungu kwa wote, si mali ya chama. Hata Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972, na ambaye jina lake limekwenda dunia nzima, alianza na vipande vya ubao rahisi na rangi za kupakia baiskeli. Wanyama wake wana hukumu tuliyokwisha kuitaja. Ila somo la kuanza na kilichopo ni la kila mtu.

Wakati tukiyazungumza hayo, lilitokea jambo zito zaidi. Kijana huyo alikuwa na ami aliyefariki duarani, udongo ulipoporomoka wakati wa mvua, wala hakuacha picha hata moja. Bibi yake, aliyekwisha kuwa mzee sana, alimwomba: “Mjukuu wangu, wewe unajua kuchora. Nichoree uso wa mwanangu, maana waanza kunipotea.” Kijana alitujia baada ya Isha, amefadhaika. Aliweza kuuchora uso ule, naye hakutaka kumkosea Mola wake wala kumkatalia bibi yake.

Tulimkumbusha maelezo ya Ibn Abbas juu ya kaumu ya Nuhu: yale majina ya masanamu yao yalikuwa ya watu wema waliokufa, wakasimamishiwa sanamu za ukumbusho, na elimu ilipopotea wakaabudiwa. Mlango huo huanza kwa mapenzi na huzuni. Lakini tulimkumbusha pia kuwa Mtume (s.a.w.) alilia kwa kifo cha mwanawe Ibrahim, na kuwa huzuni ya mama haijibiwi kwa neno “haramu” tupu. Tukamwambia, “Usichore uso wake. Chora alichokiacha.”

Baada ya siku tisa aliikamilisha kazi yake. Palikuwa na kofia ya kufuma, na sururu, na tochi ya kichwani, na viatu vya mpira vimesimama mlangoni, vyote kwa udongo wa ua wa bibi. Mahali pa kanzu alibandika kipande cha kanzu yenyewe ya marehemu. Bibi aliushika ule mfuko wa kanzu, akalia, kisha akaanza kutusimulia habari za mwanawe tangu utoto, na hakunyamaza mpaka taa ikapungua mafuta. Baba alikuwapo, amekaa kizingitini. Hakusema lolote, ila tangu siku hiyo habari ya moto haikutajwa tena.

Yako mambo mawili tuliyomkataza kijana bila ya mjadala, nasi twawaonya wengine. La kwanza, alitaka kuchukua udongo wa marudio kwenye mialo ya dhahabu, kwa kuwa rangi yake ilimpendeza. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mawe yaliyosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu na figo. Na katika udongo unaobaki zebaki huwamo. Kuutwanga udongo huo na kuvuta vumbi lake ni kujitia katika maangamizi tuliyokatazwa. La pili, aliomba kurasa za juzuu kuukuu zilizochanika ili azibandike. Tulikataa. Kurasa hizo huzikwa au huchomwa kwa heshima, kama Sayyidna Uthman (r.a.) alivyoamuru kuchomwa nakala zilizobaki, wala si za kukatwa kwa mkasi.

Baba wa kijana bado hajaridhika kwa moyo wote. Huuliza, “Unga utatoka wapi?” na swali hilo ni haki yake, kwa kuwa aliyelea ndiye ajuaye njaa. Sisi twajibu kwa kadiri tuonavyo. Chuoni kwetu kijana alituchorea ubao wa kutawadha, wenye mikono na miguu na maji, bila ya kichwa wala uso, na watoto wadogo waliokuwa wakikosea mpangilio kila siku sasa hawakosei. Vitabu vya shule vyataka michoro ya mimea na vyombo. Misikiti yataka khati nzuri. Maduka yataka vibao. Tena kiko Bagamoyo chuo cha sanaa cha Serikali kilichoanzishwa mwaka 1981, kiitwacho leo TaSUBa, ambako kazi hii hufundishwa kama ufundi mwingine. Utajiri hatuahidi. Lakini duara nalo haliahidi utajiri, na wangapi limewameza?

Enyi wazazi, mtoto akileta karatasi, msiwashe kiberiti kabla ya kutazama. Mwulizeni amechora nini, kwa nini, na kwa kitu gani; kisha mwonyesheni mpaka na mlango pamoja. Nanyi vijana, msidai kuwa sanaa haina hukumu. Mpaka haukumzuia kijana huyu; ulimfikisha kwenye kazi bora kuliko zote alizopata kufanya.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, Mwenye kuumba sura zote, awarehemu waliofukiwa chini ya ardhi wakitafuta riziki, awape subira mama zao, na aifanye mikono ya watoto wetu kuwa ya manufaa. Amin.